Wageni Niliowapa Sebule

Maskati, mwezi wa senene

Kwako Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti, waitu mama yangu, ijapokuwa nilipopiga magoti hapa mbele ya meza Joji aliniuliza nimeangusha nini. Huyu Joji ni Mhindi wa Kerala tunayefanya naye kazi dukani, mtu mwema, ila adabu za kwetu hazijui. Goti lako la kushoto linakusumbua bado? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uitumie, usiiweke kabatini uwe unawaonyesha watu. Na kibanja chetu cha migomba kinaendeleaje? Kaka Deus aliniambia kwenye simu kwamba mvua zimenyesha vizuri, na kwamba senene wameanguka Kamachumu hadi watu wanawabeba kwa ndoo. Aliniambia hivyo huku anatafuna. Kaka yangu yule hana huruma hata kidogo.

Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini nitakueleza ni kwa nini, na sasa nakula vizuri.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu wewe huniuliza kama nimekula, kisha unampa simu kila aliyepo uani anisalimie, na salio linakwisha kabla sijasema lililonifanya nipige. Haya ya leo nataka uyasikie yote, kwa mpangilio wake, bila mtu kukuita jikoni. Mpwa wa Mzee Salumu, tajiri wangu, anakuja Bukoba, atafikia kwa ndugu zake Bilele, na ameahidi kukuletea barua hii mwenyewe hadi Muleba. Akija usimpe chai tu ukamwachia aende. Mpikie matoke. Na barua uisome mwenyewe, miwani unayo. Usimpe mke wa kaka Deus akusomee, maana yeye husoma kwa sauti ya kanisani.

Nina mambo mawili. La kwanza ni kwamba Krismasi hii sitakuja. Usiiweke barua chini, Mama, endelea. La pili ni kwamba nataka kukuomba msamaha kwa neno nililokuambia siku ulipokata migomba ya marehemu baba yetu, Tata. Najua ni miaka mingi, na hujawahi kulitaja tena. Lakini mimi sijalisahau, na mwaka huu limenirudia. Ili uyaelewe yote mawili, itabidi uvumilie habari za samaki.

Unakumbuka ulivyocheka nilipokueleza kazi niliyoipata huku. Ulisema nimesomea samaki chuoni, nimekagua samaki wanaoshushwa mwaloni Bukoba miaka mitatu, halafu ninapanda ndege kwenda kuwatazama samaki wasioliwa. Ni kweli, duka hili ni la samaki wa mapambo. Watu wanawanunua, wanawaweka kwenye matangi ya kioo majumbani, wanawaangalia. Lakini mwenye duka, Mzee Salumu, ana tangi moja ambalo haliuzwi. Lipo sebuleni kwake, nyuma ya duka, refu kama kitanda chako, na ndani yake wanaishi furu.

Furu, Mama, hawa hawa wa ziwani kwetu. Mzee alizaliwa Bilele, baba yake alikuwa na duka pale, na utoto wake wote aliumalizia kwenye maji ya mto Kanoni akivua furu kwa kijiti na mnyoo. Alikuja huku akiwa kijana na hajarudi kuishi tena. Anaongea Kiswahili cha Bukoba, na akikasirika anaingiza Kihaya. Furu alio nao ni wa aina ambayo wavuvi wetu hawaioni tena tangu sangara alipojaa ziwani. Babu zao walichukuliwa na Wazungu zamani, wakazalishwa Ulaya kwenye vioo, na Mzee akawapata kwa rafiki yake wa Uholanzi. Nilipofika mimi walikuwa kumi na tisa. Dume kubwa, la bluu iliyoiva, lenye kifua chekundu, alilipa jina la Kanoni. Kila siku baada ya sala ya alasiri hukaa na kahawa yake mbele ya kioo na kuliuliza Kanoni habari za mjini.

Siku aliponiajiri alinionyesha matangi yote ya duka, kisha akanisimamisha mbele ya lile la sebuleni akasema, "Samaki wote wa dukani wakifa nitalia. Hawa wakifa, utarudi kwenu." Hakuwa anatania. Alinitafuta mimi kwa sababu alitaka mtu wa ziwa, na alitegemea kwamba mtu wa ziwa hatamwaibisha.

Sasa, katika kazi hii kuna sheria moja kubwa kuliko zote. Samaki mgeni haingii kwa wenyeji siku anayofika. Anawekwa karantini, kwenye tangi lake peke yake chumba cha nyuma, kwa wiki nne. Ana wavu wake, ndoo yake na mpira wake wa maji. Ukimaliza kumhudumia unanawa mikono hadi kwenye viwiko. Nilifundishwa hayo chuoni na Mzee akayarudia kila wiki mpaka nikawa namwitikia kama rozari.

Mwezi wa tano Mzee alikwenda India kufanyiwa upasuaji wa macho. Alikuwa ameanza kuona kama mtu anayetazama kupitia moshi. Aliniachia furu, akaniambia kwamba wageni wanne wangefika kutoka Uholanzi, majike watupu, ili waongeze damu mpya. Akanikumbusha tena, wiki nne.

Walifika kweli. Mama, kama ungewaona. Walikuwa wamesafiri ndani ya mifuko ya plastiki, kwenye giza, rangi zimewatoka, na mmoja pezi la mkia limechanika. Nikawaweka kwenye lile tangi la chumba cha nyuma. Halina mchanga, halina jiwe, ni kioo kitupu, hita na pampu ya hewa. Wakajikusanya kwenye kona moja wakaacha kula. Kila nilipoingia niliwakuta palepale. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Umenilea wewe. Kwetu mgeni akifika anakaa sebuleni. Tulikuwa tunatumwa kukata nyasi mbichi tutandike kabla hajavuka kizingiti, analetewa kahawa ya kutafuna, na hata awe adui wa ukoo hatuwezi kumwacha akae nje kama mbuzi aliyenunuliwa mnadani. Ulinichapa mara moja, nadhani unakumbuka, kwa sababu nilimwacha shangazi mlangoni nikakimbilia kumalizia mchezo. Basi nikawatazama wale majike wanne kwenye kona yao, nikaona aibu. Niliona kama ni mimi niliyewaacha mlangoni. Nikasema moyoni, hawana doa, hawana kidonda isipokuwa huo mkia, na hawali kwa sababu ya upweke tu. Siku ya tano nikawachota kwa wavu nikawapeleka sebuleni kwa wenzao. Nilisema kwa sauti, nikicheka, kwamba mgeni njoo mwenyeji apone.

Nao wakafurahi. Jioni ileile walikula. Nikajiona mimi ndiye ninayejua samaki kuliko vitabu.

Baada ya siku nane nikaona Kanoni anajikuna kwenye jiwe. Samaki akijikuna ni kama mtoto akikohoa, unaweza kupuuza mara moja. Kesho yake wakawa wanajikuna sita. Kesho kutwa nikaona punje nyeupe kwenye mapezi, ndogo kama chumvi iliyomwagika mezani, nikajua nimefanya nini. Ni ugonjwa wa madoa meupe. Kila punje ni kimelea aliyechimba chini ya ngozi ya samaki, amejifunika humo, anamla.

Nikueleze anavyoishi mdudu huyu, maana ndiye aliyenikondesha. Akiwa ndani ya ngozi, dawa haimfikii. Akishiba anatoka, anaanguka chini, anajigandisha kwenye mchanga ndani ya ganda lake, na humo pia dawa haimfikii. Ndani ya ganda anajigawa, anajigawa, mpaka anapasuka wanatoka mamia. Hao wadogo wanaogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa siku moja au mbili wanakufa. Hapo tu, katika siku hiyo moja au mbili, ndipo unapoweza kumuua. Kwa hiyo huwezi kumwaga dawa leo ukalala. Lazima umvizie.

Wa kwanza walikufa wawili kwa siku moja, madume madogo. Siku iliyofuata mmoja, kisha wawili tena. Niliwatoa kwa mkono, nikawafunga kwenye gazeti, nikakaa sakafuni nikalia kama mtu aliyefiwa. Joji alinikuta hapo. Akaketi, akanipa chai yake, na baada ya muda akanipa na shauri. Kuna samaki wa Ziwa Nyasa, dukani tunao, wa bluu na wa manjano, ukisimama mbali unaweza kusema ni furu. Alisema tumwage tangi lote, tuoshe kwa dawa, tuweke hao. Mzee anarudi na bandeji machoni. Mzee haoni, alisema Joji, na samaki hawasemi.

Sitakudanganya, Mama. Nililifikiria shauri lile mchana kutwa. Nilifikiria tiketi ya kurudi, nilifikiria nitakavyoshuka stendi ya Bukoba na begi langu na watu wakiuliza, huyu si yule aliyekwenda Uarabuni? Nilikwenda hata nikasimama mbele ya lile tangi la samaki wa Nyasa nikaanza kuchagua kwa macho. Halafu nikamfikiria Mzee anakaa na kahawa yake mbele ya kioo, anamuuliza samaki wa Nyasa habari za Bilele, na mimi nimesimama nyuma yake nimenyamaza, leo, kesho, mwaka mzima. Nikaona siwezi. Bora nirudishwe nikiwa mjinga kuliko kubaki nikiwa mwongo.

Nikampigia simu India. Nikamwambia yote, wageni, siku ya tano, wavu, madoa. Sikujitetea. Akauliza wamebaki wangapi wa zamani. Nikamwambia kumi na wanne. Akasema, "Nikirudi nataka kuwakuta haohao. Usiongeze mtu. Na utakayempoteza, unionyeshe." Akakata.

Hapo ndipo ukali uliponijia, ule wanaosema nimeurithi kwako. Nikamwambia Joji simtaki aingie sebuleni kwa miguu aliyotoka nayo dukani. Nikapandisha joto la maji polepole, maana mdudu huyu maji yakipata joto huharakisha maisha yake, anatoka haraka, na ukimharakisha unampata haraka. Nikaweka chumvi kwa kipimo. Kila asubuhi nikafyonza mchanga wote kwa mpira, kila kona, chini ya kila jiwe, ili yale maganda yatoke kabla hayajapasuka, kisha nikarudisha maji mapya yenye joto lilelile na chumvi ileile. Ndoo kwa ndoo. Mikono ilichubuka kwa chumvi.

Na Mama, katika kufyonza ule mchanga ndipo nilipokuona wewe. Nilikuona na panga.

Nilikuwa kidato cha pili mnyauko ulipofika kwetu. Majani ya njano, ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, ukikata shina linatoa ule usaha. Kijiji kizima kilisema ni uchawi, na kila mtu alikuwa na jina la mchawi wake. Wataalamu wa kituo cha kilimo walipotoka Maruku wakatufundisha pale shuleni, watu walisikiliza kwa heshima wakaenda nyumbani wakaendelea kama kawaida. Wewe peke yako uliwauliza maswali hadi jua likazama. Walichosema nakikumbuka kwa sababu ulikirudia jikoni wiki nzima, kwamba ugonjwa hautembei wenyewe, unabebwa, na panga ndilo linaloubeba. Anayekata mgomba mgonjwa kisha akaenda kwa mzima kwa panga lilelile, huyo ndiye mchawi. Basi ukawa unawasha moto kibanjani, unapitisha panga motoni kila unapotoka shina moja kwenda jingine. Ua la mkungu hukulikata tena kwa panga, ulilivunja kwa ule mti wako wenye panda. Majirani walikucheka wakasema mjane amerukwa na akili, anapika panga.

Halafu ukafika kwenye migomba ya Tata. Ile aliyoipanda mwenyewe mwaka aliokufa, upande wa kaburi. Mitano tu ilikuwa na dalili, lakini ulisema shina lote limeshaguswa. Nilikushika nguo. Nikakuambia umemuua Tata mara ya pili. Hilo ndilo neno langu, nimeliandika hapa ulione kwamba sikulisahau. Hukunipiga. Ulinitazama ukasema, "Na nisipokata mimi, unataka akate nani?" Ukakata yote.

Nilikuona una roho ya jiwe. Kwa miaka mingi nilikuona hivyo, hata nilipokuwa nakuaga uwanja wa ndege Bukoba.

Sasa sikiliza. Wiki ya pili ya kuhangaika, Kanoni alilala ubavu. Alikuwa amejaa madoa mpaka kwenye matamvua, anahema mdomo wazi juu ya maji. Joji alisema tumwache, labda atapona. Na mimi nilitaka kumwacha, Mungu anajua, alikuwa samaki wa Mzee kuliko wote. Lakini nilijua hesabu ya mdudu. Kila punje iliyokuwa juu yake ingeshuka mchangani ikawa mamia, na wale wengine walikuwa wanaanza kupata nafuu. Nikamwambia Joji amtoe. Akakataa, akageuka akatazama ukutani. Nikajisikia nikisema, kwa Kihaya kabisa, yeye asielewe hata neno, "Na nisipofanya mimi, unataka afanye nani?"

Nilitayarisha ndoo ndogo ya maji na mafuta ya karafuu. Ndiyo njia isiyo na maumivu, samaki analala taratibu na haamki. Nilimshika Kanoni kwa mikono miwili mpaka akaacha kuhema. Kisha nikasuuza mikono, nikachemsha wavu, nikarudi kufyonza mchanga. Sikuwa na roho ya jiwe, Mama. Nilikuwa naumia kuliko Joji aliyetazama ukutani. Nikaelewa kwamba hata wewe siku ile uliumia kuliko mimi niliyekushika nguo nikapiga kelele.

Nisamehe. Nilikuwa mtoto, lakini neno lilikuwa la mtu mzima.

Baada ya Kanoni alikufa mmoja tu wa zamani, na mgeni mmoja. Wiki ya nne hapakuwa na doa hata moja, na mimi sikuacha, niliendelea kufyonza wiki mbili zaidi kama kichaa. Wakabaki kumi na wawili wa zamani, na wageni watatu.

Kuhusu wageni kuna jambo lilinishangaza. Yule mwenye mkia uliochanika hakupata doa hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Joji alisema huyo ndiye mchawi, auawe. Na kweli inawezekana ndiye aliyemleta mdudu, amejificha mmoja au wawili kwenye matamvua. Nikasoma, nikawauliza waalimu wangu wa chuo kwa simu. Ni kwamba samaki aliyewahi kuugua akapona, mwili wake unamkumbuka mdudu. Hata ule ute wa ngozi yake unajifunza kupigana naye. Ndiyo kinga yenyewe. Ni kama wewe ulivyowauguza watoto wa shangazi walipougua surua, ukawapangusa, ukalala nao, na hukuugua kwa sababu uliiugua utotoni. Jike yule aliugua mahali, akapona, na hakuna aliyemwambia kwamba amebeba kitu. Sikumuua. Kosa halikuwa la mgeni, lilikuwa la mwenyeji.

Mzee alirudi na miwani nene mpya. Hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja sebuleni, akaweka uso karibu na kioo hadi pua ikagusa, akawahesabu kwa kidole. Nilikuwa nimemhifadhi Kanoni na wenzake kwenye friji, wamefungwa, kama alivyoagiza. Nikamwonyesha. Aliuliza Kanoni alikufaje. Nikamwambia nilimuua mimi, na kwa nini.

Siku tatu hakusema nami isipokuwa salamu. Nilifunga begi langu. Siku ya nne aliniita wakati wa kahawa yake, akanipa kikombe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema, "Mama yako alikufunza sebule, akakufunza vizuri. Mlango hukufunzwa." Nikamwambia hapana Mzee, mlango pia nilifunzwa, mama yangu alinifunza kwa panga na moto mbele ya kijiji kizima, ila mimi nilikataa kusoma. Akataka nimweleze. Nikamweleza yote, Maruku, mnyauko, migomba ya Tata, na neno langu. Alisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Akasema begi nilifungue.

Mwezi wa tisa madoa yalirudi. Niliyaona asubuhi nilipowasha taa. Lakini yalikuwa kwa vijana wawili tu, punje chache chache, na wengine wote walikuwa safi. Nilivizia siku tano na ndoo zangu tayari. Siku ya sita hata wale wawili walikuwa wasafi, na dawa sikuwa nimeweka, miili yao ilikuwa inamkumbuka mdudu. Mzee alicheka, mara ya kwanza tangu arudi.

Basi sasa nakuja kwenye Krismasi. Mkataba wangu unaisha Desemba na nilishaanza kununua zawadi. Lakini mwezi uliopita yule jike wa mkia uliochanika aliacha kula, na taya lake likavimba. Safari hii si ugonjwa. Furu jike hutunza mayai mdomoni, na watoto wakianguliwa anaendelea kuwatunza humohumo, hali chochote wiki mbili hadi tatu. Mzee alipoona taya lile alikaa chini. Kisha akaniambia kwamba Januari wanakuja wageni wengine kutoka Uholanzi, kumi, wawili wao madume, na kwamba anataka mimi ndiye niwapokee. Si Joji. Mimi niliyekosea. Nikamwambia nitabaki miaka miwili mingine.

Nilisema kabla sijakuuliza, na hilo pia unisamehe. Najua umeshaniandalia chumba. Lakini nikiondoka sasa nitakuwa mtu aliyevunja mlango wa watu akakimbia kabla hajautengeneza, na wewe hukunilea hivyo. Wageni hawa kumi watakaa wiki nne chumba cha nyuma. Nimeshawawekea mchanga, mawe na kificho, maana karantini si lazima iwe jela. Nitakuwa naenda kukaa nao. Lakini sebuleni hawaingii kabla ya siku yao, hata wanililie.

Msalimie kaka Deus, mwambie asithubutu kula senene wote, anikaushie japo kopo moja. Msalimie mkewe mwenye sauti, na watoto wao. Msalimie shangazi, yule niliyemwacha mlangoni. Wasalimie wazee wa jumuiya wanaokuja kusali kwako Jumatano. Na ukipita upande wa kaburi, iguse ile migomba mipya uliyopanda kwa machipukizi safi ya Maruku baada ya kuipumzisha ardhi. Kaka Deus anasema mikungu yake haibebwi na mtu mmoja. Mwambie Tata kwamba binti yake amejifunza, ila amechelewa.

Ni mimi binti yako mkaidi,

Advera

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Mpwa wa Mzee yupo mlangoni ananisubiri na kiatu kimoja mguuni. Leo asubuhi jike amefungua mdomo. Wametoka wadogo kama punje za ulezi, wenye macho makubwa, nikajaribu kuwahesabu nikashindwa. Niliposogeza mkono wakarudi wote mdomoni kwa mama yao, akafunga, akanitazama. Mzee ameniuliza tumpe jina gani huyo mama. Nimempa lako.